Zamu ya Akuol

Kila Jumamosi alasiri, jua likianza kulegea, Akuol alikwenda nyumbani kwa Abuk, akalaza kichwa mapajani mwa mwenzake, uso juu, akang'olewa kope. Kope zake zilikuwa zimegeuka. Badala ya kutazama nje kama kope za watu, zilikuwa zimekunjamana kuelekea ndani, na kila alipopepesa zilikwaruza jicho kama mchanga wa laga, ule mto mkavu. Abuk alikuwa na kijikoleo cha bati alichotengenezewa na fundi mmoja Mturkana pale sokoni Kakuma. Alizishika moja moja, akazivuta, huku akinung'unika.

"Tulia, Mama Marial. Hii imejificha kama mwizi."

Ni Abuk peke yake aliyemwita Mama Marial. Kanisani na kwenye foleni ya maji aliitwa Akuol tu, au Mama Akuol wakitaka kumheshimu, kwa sababu watu wengine hawakuwahi kumwona Marial. Marial, mwanawe, alibaki kule kwao Bor pamoja na mdogo wake na baba yao, Mamer, mwaka ule wa mashambulizi. Akuol alifika kambi ya wakimbizi bila mtu wa kumwita mama. Alifika na msalaba wa mti aliouchonga mwenyewe njiani, na macho yake.

Macho hayo ndiyo yaliyojulikana. Tangu kambi ilipokuwa changa, watu wakiingia kulala, Akuol alitoa kigoda chake nje, akaegemea ukuta wa udongo na kukesha. Alilala asubuhi, watu wakishaamka. Mbele na kando ya nyumba alimwaga maganda makavu ya mgunga, ili mguu wa mtu ukiyakanyaga yalie. Alfajiri aliyaokota tena na kuyaweka katika mfuko wa kitambaa kabla Waturkana hawajafungulia mbuzi wao, maana mbuzi na maganda ya mgunga ni kama mtoto na sukari.

Wezi wenye bunduki walikuwapo kweli, wala hakuna aliyesema Akuol anajisumbua bure. Mstari wake wa nyumba ulimzoea. Vijana walimtania, "Askari wa kanisa, umeajiriwa na nani?" Naye aliwajibu, "Na mama zenu. Nendeni mkalale." Nao wakaenda wakalala.

Sala yake ya jioni ilikuwa fupi. "Bwana, tuangalie. Na mimi niko hapa." Aliamini Mungu halali. Hakuona ubaya kumsaidia.

Sasa jicho la kulia lilikuwa limeingia doa jeupe, na la kushoto lilitoka machozi mchana kutwa. Mganga wa zahanati ya kambi aliivuta kope, akatazama, akamwambia bila kuzunguka: kope zile zikiendelea kukwaruza, atakuwa kipofu. Kuzing'oa hakutoshi, zinarudi na ukali zaidi. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Lodwar wakati shule zimefungwa, watalaza wagonjwa katika bweni la shule moja. Watapasua kope na kuzigeuza zitazame nje. Lori la shirika litawachukua watu wa kambi.

"Na baada ya kupasua?" Akuol aliuliza.

"Wanafunga macho. Kesho yake asubuhi wanafungua."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

Jumamosi hiyo, kichwa kikiwa mapajani mwa Abuk, Akuol alisema, "Siendi."

Abuk hakuacha kazi yake. "Basi utakuwa kipofu. Nitakuwa nakushika mkono kwenda msalani. Tutazoea."

"Nilale kwa wageni macho yamefungwa, kama mbuzi wa kuchinjwa?"

"Ni mchana mmoja na usiku mmoja, Mama Marial. Mimi pia macho yangu yanazeeka. Juzi nimekung'oa ngozi nikidhani ni kope, ukanyamaza kwa adabu." Akafuta koleo kwenye nguo. "Ukipofuka, nani atatukalia nje?"

Neno hilo ndilo lililomwingia Akuol. Kuokoa macho yake ilimpasa kwanza ayatoe. Alilala na neno hilo mchana wa Jumapili baada ya ibada, na lori lilipokuja alikuwa amesimama kando ya barabara, msalaba mkononi, mfuko wa maganda ya mgunga umefungwa ndani ya shuka yake.

*

Bweni lile la Lodwar lilikuwa refu, lenye milango miwili iliyoachwa wazi kwa sababu ya joto. Wagonjwa wengi walikuwa Waturkana, wazee kwa wanawake, na wachache waliotoka kambini na Akuol walikuwa Wasomali waliowekwa upande wa pili. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa lugha yake. Alitembea kati ya vitanda akichagua kama anayenunua. Akachukua cha pembeni kabisa, kuta mbili zikiwa zimekutana nyuma ya kichwa.

Nesi aliitwa Jelagat. Alikuwa mwanamke wa huko juu Baringo, mnene kidogo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka mbali.

"Mama, wewe ndio unafuata. Twende."

"Jicho moja," Akuol alisema.

"Nini?"

"Fanya hii ya kulia. Hii ya kushoto wacha. Ingine mwaka kesho."

Jelagat akaweka mikono kiunoni. "Mama, daktari kesho anaenda Katilu, halafu anarudi kwao. Mwaka kesho mimi sijui kama atakuja. Wewe unajua?"

"Mungu anajua."

"Haya. Na Mungu amemleta leo." Kisha akapunguza sauti, kwa kuwa aliona mikono ya Akuol ilivyokuwa imekaza ule msalaba. "Unaogopa sindano?"

"Siogopi sindano."

"Unaogopa nini?"

Akuol aligeuza uso kwenye ile milango iliyo wazi. Jelagat alimtazama kwa muda, akamwambia, "Funika hiyo ya kulia na mkono. Niangalie na ile unataka kuacha. Mimi nacheka ama nimekasirika?"

Akuol alifunika jicho la kulia. Aliuona weupe wa vazi na weusi wa kichwa, na mahali pa uso palikuwa na ukungu, kama mvuke wa sufuria iliyofunguliwa. Alijikaza. Alisogeza kichwa mbele, kisha kando. Jicho lile alilotaka libaki zamu halikuweza kumwambia kama mtu aliyesimama mbele yake alikuwa anacheka au amekasirika. Na amekuwa akikesha nalo kwa muda gani hivyo? Watu wa mstari wake walilala wakitegemea jicho hilo.

"Umecheka," alibahatisha.

"Sijacheka, mama."

Basi Akuol akasimama, akamfuata. Mezani aliomba kitu kimoja tu, ashike msalaba wake. Daktari akasema hauwezi kukaa juu ya nguo safi. Jelagat akauingiza chini ya shuka, akaiweka mikono ya Akuol juu yake. Ganzi iliuma kuliko kisu. Baada ya hapo alisikia kuvutwavutwa, kama mtu anayeshona gunia mbali kidogo na yeye, na daktari akipiga mluzi polepole. Kisha pamba, kisha plasta, na kwa Akuol mchana ukaisha.

*

Jelagat alimwongoza mpaka kitandani akamlaza. Alipoondoka, Akuol akaketi. Akapapasa ukuta wa nyuma, ukuta wa kando, ukingo wa kitanda. Akafungua shuka, akatoa mfuko, akayamwaga maganda ya mgunga sakafuni kuzunguka kitanda chake, kiganja kwa kiganja, akihakikisha kwa kusikiliza kwamba hakuna nafasi iliyobaki tupu.

"Unapanda mahindi?" sauti ya mwanamke ikauliza kutoka kitanda cha jirani.

Akuol alishtuka. "Nani huyo?"

"Arot. Nimelala hapa, hata mimi macho imefungwa. Ejok."

"Ejok," Akuol akaitikia. Salamu hiyo aliijua kutoka sokoni.

"Wewe ni wa kambi. Nyinyi munakula ngano ya bure, sisi tunawauzia kuni."

"Ngano yenyewe ina wadudu."

"Si wadudu ni nyama?" Arot alicheka peke yake. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima, kavu, na maneno yalipita kwenye pengo. Kisha akasema, "Naskia unaongea kama mtu hana meno ya chini."

"Sina. Kwetu mtoto akikua wanatoa."

"Hata kwetu wanatoa mbili. Wewe walitoa ngapi?"

"Ya mbele yote. Ya chini."

"Yote? Mumezidisha. Sasa nyama munashika na nini?"

Akuol nusura acheke. Lakini kucheka kulivuta plasta, na plasta ilimkumbusha kwamba haoni. Akategea sikio. Mtu alikohoa upande wa Wasomali. Ndoo iliburutwa. Upepo ulipita mlango hadi mlango. Kila sauti alitafuta ni ya nani, na nyingine hakujua. Alijaribu sala yake. "Bwana, tuangalie. Na mimi..." Akashindwa kuimaliza, maana yeye hakuwapo kwa namna ile aliyozoea kuwapo. Arot naye akaanza kukoroma. Pale alipoketi Akuol hapakuwa na lugha yake, hapakuwa na Abuk, hapakuwa hata na kivuli cha mtu. Alijiona yuko peke yake kuliko siku yoyote tangu Bor, na bweni limejaa.

Kisha maganda yakalia.

Si mara moja. Yalilia chini ya mguu wa kwanza, yakalia tena, na tena, wengi, wakija kutoka upande wa mlango bila kusema neno. Akuol hakupiga kelele. Mwili wake ulifanya peke yake ulichokuwa ukijiandaa kufanya miaka yote hiyo. Mgongo ukajibana kwenye pembe ya kuta, mkono wa kushoto ukainua msalaba kama rungu, na mkono wa kulia ukaenda usoni, ukaishika plasta ya jicho la kulia, ukavuta.

Mwanga ulimchoma. Hakuona kitu ila wekundu na maji.

"Wacha!" Arot alipaza sauti, ameamka. "Wewe, wacha hiyo kitu. Ni mbuzi."

"Ni watu."

"Mtu anatafuna? Sikiza."

Akuol alisikiliza. Kwa kweli walikuwa wanatafuna. Mmoja alipiga chafya. Mwingine alikuwa ameingiza kichwa chini ya kitanda na kugongagonga chuma kwa pembe akitafuta yaliyobaki. Usiku wa kambi mbuzi huwa wamefungiwa. Akuol alikuwa amesahau kwamba huu ulikuwa usiku wake peke yake, na kwamba kwa mbuzi wa Lodwar ulikuwa bado mchana mweupe.

Arot aliwafukuza kwa Kiturkana, kwa maneno ambayo bila shaka hayakuwa ya kanisani, akapiga makofi, na kwato zikatoka mbio. Bweni zima likaangua kicheko. Wazee waliofungwa macho waliulizana kuna nini, na aliyejua alimweleza asiyejua, na wa pili akaongeza yake. Akuol alishusha msalaba.

Jelagat alikuja. "Nani ameleta chakula ya mbuzi ndani?" Kisha akamwona Akuol. Akakaa kitandani, akamshika kidevu. "Mama. Umefungua."

"Nimefungua."

"Ngoja nione. Usikaze." Vidole vyake vilipita taratibu. "Uzi bado imeshika. Mungu amekupenda. Lakini ukivuta tena itakatika, na kope itarudi ndani vile ilikuwa, na daktari kesho hayuko. Nikifunga sasa, utaiacha?"

Akuol alijibana tena kwenye pembe ya kuta.

"Sitakufunga kwa nguvu," Jelagat alisema. "Ni jicho yako. Nitarudi baada ya kupeleka huyu mzee choo. Uniambie."

Akuol akabaki ameketi, jicho moja limefungwa na jingine limefumba lenyewe kwa uchungu, na katika giza hilo akaona alichokuwa anakikimbia kila siku kwa kukodoa macho.

Watu wa kanisa walidhani siku ile ya Bor alikuwa amelala. Walimfariji hivyo, wakisema, usingejua, mama, ulikuwa usingizini, na yeye aliwaacha waseme. Lakini hakuwa amelala. Ilikuwa asubuhi, alikuwa nje anatwanga mtama, na aliwaona wavamizi. Aliwaona mapema, mbali, ng'ambo ya majani, kama mstari wa miti ulioanza kutembea. Aliita. Mamer alitoka. Walipata wakati wa kuwaamsha watoto, wakati wa kumfunga mdogo mgongoni mwa baba yake, wakati hata wa kubishana waende upande gani. Kila kitu ambacho macho yanaweza kumpa mtu, macho yake yalimpa asubuhi ile. Na bado.

Kwa hiyo alikuwa anakesha nini?

Alikaa na swali hilo, na halikumla. Alilitazama tu. Likaleta jingine nyuma yake. Ikiwa macho yake hayakumwokoa Mamer wala watoto, basi hata yeye hakuokolewa na macho. Akikimbia, alianguka kinamasini, maji yakamfika shingoni, matope usoni, haoni juu wala chini, na mkono wa mtu ukamshika kwenye kwapa ukamvuta hadi kwenye matete. Hakuwahi kujua ulikuwa wa nani. Alipojifuta macho mtu huyo alikuwa ameshaondoka, au ameshakufa. Kuanzia siku ile hadi leo Akuol alikuwa ameomba mengi na kulilia mengi, lakini kwa ajili ya mkono ule hakuwahi kusema asante hata mara moja. Alikuwa amejishughulisha sana kuangalia.

"Bwana," alisema kwa lugha yake, midomo ikigusa msalaba. "Ule mkono. Asante." Akangoja kidogo, kama mtu aliyebisha hodi. Mamer hakurudi, wala Marial, wala hakusikia amani yoyote ikishuka kama wanavyosimulia wengine kanisani. Akaendelea, kwa sauti ya uchovu tu. "Mimi siwezi tena leo. Angalia wewe."

Hatua za Jelagat zilirudi. "Umeamua nini, mama?"

"Nipe hiyo plasta."

"Nitaweka mimi."

"Nipe. Wewe weka pamba. Plasta naweka mimi."

Jelagat aliweka pamba. Akuol akapokea plasta, akaipapasa kujua upande unaonata, akaibandika juu ya jicho lake kwa kiganja chake mwenyewe, akaibana pembe zote. Kisha akajinyoosha kitandani, akavuta shuka hadi kifuani. Sakafuni hapakuwa na ganda hata moja.

"Sasa umelala kama mtu," Arot alisema.

"Nimelala," Akuol akasema, ingawa usingizi ulikuwa bado mbali, na alikuwa anasikia moyo wake kwenye mto.

*

Asubuhi walifunguliwa mmoja mmoja. Akuol aliona kwanza kidole cha Jelagat, mistari yake, kucha yenye ufa. Kope hazikukwaruza. Alipepesa, akapepesa tena, akingojea ule mchanga, na mchanga haukuwapo. Alitaka kumwona Arot, lakini wana wa Arot walikuwa wameshamchukua alfajiri kwenda Lokori kabla jua halijawa kali, na kitanda chake kilikuwa wazi, godoro limeinuliwa.

Lori lilimfikisha Kakuma alasiri, jua likiwa bado juu. Abuk alikuwa anapepeta mahindi mlangoni pake. Aliacha ungo, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye mwanga.

"Zimetazama nje," alisema. "Kama za msichana."

"Kulitokea nini?" Akuol aliuliza.

"Wapi?"

"Hapa. Nilipokuwa siko."

Abuk alifikiri kwa dhati, ili amtafutie kitu. "Hakuna kitu. Mtoto wa jirani alikohoa. Tulilala tu."

Akuol alikaa chini kando ya ungo. Angepaswa kumshukuru Mungu, na alimshukuru, lakini ndani yake kitu kiliporomoka taratibu kama ukuta ulionyeshewa. Walikuwa wamelala tu. Bila yeye. Akaona sasa vizuri, nyumba baada ya nyumba, moshi, kamba za nguo, watoto wakigombania tairi, na kila mlango mtu ameketi na mtu.

Abuk alimtazama kando. "Leo utatoa kigoda?"

"Nitatoa. Nitakaa mpaka nichoke, halafu nitaingia ndani."

"Uingie kweli?"

"Nitaingia." Akuol aliokota punje ya hindi iliyoanguka mchangani, akaipuliza, akairudisha kwenye ungo. "Abuk, mimi sikuwa nakaa nje kwa ajili ya wezi peke yake. Kule ndani ni kimya sana."

"Najua, Mama Marial," Abuk alisema.

Alisogea kidogo kumpisha kwenye kivuli, akaendelea kupepeta, na wakakaa hivyo mpaka kazi ikaisha. Kisha Akuol akainuka kwenda nyumbani kwake kufungua mlango, hewa iingie.